Matanga kwa Waziri wa Matumaini

Mambo yaliharibika Jumatano ya tarehe kumi na moja Februari, saa nne na robo asubuhi. Saa hiyo sibahatishi. Serikali ilichonga jiwe jeusi ikalisimika mbele ya Wizara ya Matumaini na Bei ndani ya wiki ileile, limeandikwa HAPA TAIFA LILIJARIBIWA, na chini yake tarehe na saa. Kila mtumishi aliyepita alitakiwa asimame pale kimya dakika nzima, kofia mkononi, aikumbuke bei ya sarafu iliyoanguka siku ile.

Mke wangu, Mashavu, naye alikata roho saa nne na robo ya siku hiyohiyo. Yeye hakuchongwa popote. Sisemi hivi kwa kulalamika, maana jiwe lenyewe lilikuwa dogo na bei ilianguka sana.

Mimi naitwa Feruzi. Nilisoma mpaka darasa la nne, mwalimu akahamishwa, hatukuletewa mwingine, basi nikahesabika nimemaliza. Nikikosea jambo la uchumi mnisamehe. Nitaeleza nilivyoelewa.

Nchi yetu ilikuwa na bwawa la umeme. Tuliambiwa litawasha hospitali, shule na mashine za kusaga, na kweli liliwasha, kwa muda. Kisha akaja Mheshimiwa Daktari Pasiano Rukoba, Waziri wa Matumaini na Bei. Udaktari wake ni wa heshima, alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyo. Alitukusanya uwanjani akasema:

"Ndugu wananchi, babu zenu walichimba udongo wakapata mihogo. Mihogo ina msimu. Mihogo ina mdudu. Mihogo ina panya. Sisi tutachimba hewa. Nani amewahi kuona hewa imeliwa na panya?"

Hakuna aliyewahi. Tukapiga makofi.

Ndivyo ilivyozaliwa Kampuni ya Taifa ya Kuchimba Sarafu, mwenyekiti wake Waziri. Zikaletwa mashine, ghala zima, zimepangwa kwenye rafu kama viatu dukani. Kazi yao ni kubashiri. Zinafanya hesabu mchana kutwa kushindana na mashine nyingine za duniani, na inayotangulia kupata jibu inapewa sarafu. Sarafu yenyewe haishikiki, haina picha ya mtu wala ya ndege, na bei yake wanaiamua watu wa mbali ambao hujui wameamkaje. Mashine zinakula umeme kuliko mji. Na zinatoa joto kuliko tanuri la matofali.

Wataalamu walikuja kutoka nje wakasema biashara hii ina hatari zake. Bei inaweza kuanguka. Mvua isiponyesha bwawa litakauka. Mkopo ni wa dola, na dola haitujui. Tena mashine zinazeeka upesi, kila mwaka zinatoka za kasi zaidi, na iliyopitwa na wenzake inakunywa umeme bure. Baraza la Mawaziri likakaa, likala, likatafakari, kisha likazimaliza hatari zote kikao kilekile. Kila hatari ilipewa mkurugenzi wake, na kila mkurugenzi akapewa gari, dereva na nyumba yenye ukuta. Akateuliwa Mkurugenzi wa Kuanguka kwa Bei. Akateuliwa Mkurugenzi wa Upungufu wa Umeme. Wale wengine wawili sikuwahi kuwaona, hata magari yao yalikuwa na vioo vyeusi.

Ukabaki mkopo. Benki ya ng'ambo ilitaka dhamana. Tukaweka bwawa, haikutosha. Tukaweka mashine zenyewe kabla hazijashuka melini, haikutosha. Ndipo Mheshimiwa akakumbuka kwamba tuna jina. Nchi nzima tulikuwa na jina zuri tu, la kuimbika, nalo halikuwa likifanya kazi yoyote. Akaliweka dhamana. Akatuambia tusiwe na wasiwasi, dhamana ni kama mkufu wa mke, unauweka kwa Mhindi leo, kesho unauvaa.

Na mkataba ulikuwa hivi: bei ikishuka, ya sarafu au ya hisa za Kampuni walizonunua watu wa ng'ambo, benki inataka uongeze dhamana juu ya ile ya kwanza, kama mtu aliyekukopesha kwa sababu ya ng'ombe wako, akipita akaona ng'ombe amekonda, anataka na mbuzi.

*

Mimi Kampuni iliniajiri kuwa mpepeaji.

Viyoyozi vililetwa, lakini ikaonekana navyo vinakula umeme ambao ungeliwa na mashine. Waziri akazindua Kikosi cha Wapepeaji. Tulipewa mapepeo ya ukindu, yale ya kuchochea mkaa, na mashati ya bluu yaliyoandikwa mgongoni PUMZI YA TAIFA. Tukapangwa mistari, kila mtu na rafu yake. Msimamizi alipita nyuma yetu akisema, "Pepeeni, wazee. Hilo ni taifa lenyewe linatoka jasho."

Mashavu alikuwa na mapafu mabovu tangu mvua za mwaka juzi. Walimlaza Hospitali ya Wilaya, wakamfunga mashine ya hewa, ile inayonung'unika pembeni ya kitanda. Akawa anapata nafuu. Jumanne nilimpelekea uji akanicheka shati.

"Wewe ndiye pumzi ya taifa?" aliniuliza. "Mbona unanuka kitunguu?"

Jumatano asubuhi kioo kikubwa ghalani kikageuka chekundu. Bei. Msimamizi akapigiwa simu, akasimama wima anaongea nayo kama anaongea na bendera. Alipomaliza akatutangazia kwamba benki imeomba dhamana zaidi, na Wizara imeamua tuchimbe kwa nguvu zote, hata zile rafu za akiba ziwashwe, tujaze pengo kabla ya mchana.

"Umeme wa akiba utatoka wapi?" aliuliza mwenzangu wa rafu ya pili.

"Umeshapatikana," alisema msimamizi.

Dakika ileile taa za ghalani ziliwaka zaidi. Mashine za akiba zikaanza kuvuma. Ilipendeza, sitasema uongo. Tukapiga makofi.

Hatujamaliza kupiga makofi akaingia Mwajabu, mdogo wake Mashavu. Alikuwa ametoka hospitali kwa miguu, kanga imemdondoka begani, hajui.

"Shemeji, weka hilo pepeo chini."

"Zamu haijaisha, Mwajabu. Kuna nini?"

"Weka chini, Feruzi. Dada amekwisha."

Alinieleza tulipofika nje. Umeme ulikatika wodi nzima. Ile mashine ikafyonza kama mtu anayesonya, ikanyamaza. Nesi akatafuta ule mfuko wa kumpa mgonjwa hewa kwa kuminya kwa mkono, kumbe umefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko kwenye semina ya matumaini. Akachukua boksi la dawa akaanza kumpepea nalo. Mashavu akageuza shingo akaitazama ile mashine, akamtazama mdogo wake, akasema, "Nani kazima?"

Hakusema lingine.

Nilikuwa bado nimeshika pepeo. Namshukuru Mwenyezi Mungu alinipa mikono inayoshika vitu, maana nilijua siku moja pepeo lile nitalihitaji.

*

Kwetu mtu akifa, redio inasema. Baada ya taarifa ya habari ya mchana, msomaji anataja jina la marehemu, anataja amefia wapi, kisha anasema habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, na fulani wa kule, mpaka ukoo wote umalizike. Mtu aliyeko porini anasikia jina lake, anaacha jembe, anakuja. Hapo ndipo matanga yanakaliwa. Siku ya mwisho ndugu mmoja anasimama, anaeleza historia ya ugonjwa: ulianzaje, nani alitibu, maneno ya mwisho yalikuwa yapi. Kama maneno hayo ni swali, mwenye jibu analitoa pale mbele za watu. Ndipo matanga yanaanuliwa, mjane anabadili nguo, mwanamume ananyoa ndevu. Pasipo hayo, matanga yakishakaliwa hakuna anayeondoka mkekani, na mwenye nyumba yanapokaliwa haruhusiwi kutoka ua wake. Ni mila ya zamani, hata wakoloni waliiacha.

Tulimzika Mashavu alasiri ileile kwa sababu ya joto na kwa sababu jokofu la hospitali nalo lilikuwa limezimwa. Tulikuwa watu wachache hata jeneza lilituelemea. Wiki mbili zikapita tukisikiliza redio bila kumsikia, mimi na Mwajabu tukaenda Redio ya Taifa.

Msomaji wa vifo ni Bi Stumai Ngalapa. Hakuna asiyemjua kwa sauti. Ana sauti ya taratibu, nzito, inayoshuka mwisho wa kila jina kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na watoto wakiisikia huacha kucheza. Tulimkuta kajifunga kilemba cha rangi ya waridi, mezani ana maua ya plastiki.

"Mimi siku hizi nasoma salamu na harusi," alisema. "Vifo vimesimamishwa."

"Vimesimamishwa na nani?"

"Wizara. Wanasema soko linasikiliza redio. Likisikia watu wanakufa linaingiwa na hofu, bei inazidi kushuka. Kwa hiyo hakuna habari mbaya hewani mpaka bei irudi pale ilipokuwa."

"Na isiporudi?" nilimuuliza.

"Basi hawajafa, baba."

Mwajabu alimsogelea. "Dada yangu nimemwosha kwa mikono hii."

"Nakuamini, mwanangu. Tatizo soko halikuona." Akafungua kabati nyuma yake. Lilikuwa limejaa matangazo mpaka mlango haufungi. "Hawa wote wanasubiri bei. Yuko padri humu. Yuko mkurugenzi wetu wa hapahapa redioni, tumemzika Ijumaa iliyopita, lakini kwenye taarifa bado anafungua mikutano. Juzi kafungua wa vijana. Wamesema alikuwa na maneno mazuri."

Nikaenda hospitali kuomba wathibitishe kifo. Karani akatazama karatasi zake akasema Bi Mashavu anaendelea vizuri. Wote walikuwa wanaendelea vizuri. Mwezi ule Hospitali ya Wilaya ilipewa kombe na Wizara kwa kuwa hospitali pekee duniani ambayo haikupoteza mgonjwa hata mmoja tangu bei ianguke.

*

Waziri alikuja ghalani kututia moyo. Alikuja na suti ya kijivu na mtu wa kumshikia miwani.

"Soko halianguki," alituambia. "Futeni neno hilo. Linapumzika. Linavuta pumzi. Mwenye hofu ndiye adui, na adui tutamtafuta nyumba kwa nyumba kwa upendo."

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa sijanyoa.

"Mheshimiwa, mimi nina swali dogo. Jumatano ile hospitali ilizimiwa umeme, mke wangu akafa. Naomba kujua ni nani aliyezima. Nikijua nitakuwa na jibu la kuanulia matanga."

Waziri akanitazama kwa huruma nyingi, akashuka jukwaani, akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nadhani garini mwake kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi.

"Mzee wangu," alisema, "soko likishuka tunasema limekufa?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Hatusemi. Tunasema linajirekebisha. Sasa kwa nini umseme vibaya mkeo? Hajafa. Anajirekebisha."

Watu wake wakacheka, halafu wakapiga makofi. Yule wa miwani alicheka mpaka akazidondosha. Hata mpepeaji mmoja wa rafu ya nyuma alipiga, kwa woga, nami nilimsamehe baadaye.

Nikarudi kwenye rafu yangu nikapepea. Msimamizi alinisifu kwamba siku ile nilipepea kuliko siku zote. Kweli. Mtu anapofikiria jambo linalompendeza, mkono hauchoki.

*

Nilirudi kwa Bi Stumai peke yangu, nikamwambia nina salamu.

"Za furaha?" aliuliza.

"Hakuna za furaha kama hizi. Andika, mimi mwandiko wangu mbaya. Mheshimiwa Daktari Pasiano Rukoba, Waziri wa Matumaini na Bei, anawaalika nyote nyumbani kwake, ile nyumba ya kilimani yenye geti la dhahabu, Ijumaa hii kuanzia asubuhi, kwenye karamu ya kushangilia kupona kwa Bi Mashavu binti Kombo wa Hospitali ya Wilaya. Habari ziwafikie kaka zake wa mashambani, shangazi zake wa Kivukoni, na ukoo wote wa Mzee Kombo popote walipo."

Kalamu ilisimama.

"Bi Mashavu amepona?"

"Uliza hospitali. Wana kombe."

Akachezea ua la plastiki. Kisha akageuka akalitazama lile kabati.

"Wamepona wengi, baba," alisema. "Nikiongeza na hao wengine si vibaya?"

"Nyumba ya Waziri ni kubwa."

Mchana ule, baada ya taarifa ya habari, akazisoma. Maneno yalikuwa ya karamu, lakini sauti aliyoitumia ilikuwa ileile ya zamani, taratibu, inayoshuka mwisho wa kila jina. Alisoma mpaka jioni ikawadia. Nilikuwa kwa muuza chai. Watu waliokuwa wanapiga porojo wakaacha mmoja mmoja, kila mtu jina lake lilipotajwa. Mwanamke aliyekuwa akikaanga mihogo akaepua karai bila kusema kitu, akaingia ndani kukunja mkeka.

Waziri naye alisikia. Nimesimuliwa na mpishi wake. Aliacha kijiko akapiga simu Wizarani ili wakanushe mara moja. Washauri wake wakaja mbio wakamwambia haiwezekani. Kukanusha karamu ni habari mbaya. Mwenyekiti wa Kampuni akikanusha pilau, soko litasema hana hela ya mchele, na bei itakwenda hukohuko. Sheria alikuwa ameitia sahihi yeye mwenyewe.

"Basi fanyeni kubwa," alisema. "Leteni televisheni, irushwe moja kwa moja mpaka ng'ambo. Soko likituona tunakula, litatulia."

Nasikia usiku ule alilala vizuri. Nafurahi alipata usingizi wake wa mwisho.

*

Ijumaa walianza kufika mapema. Walikuja kwa malori, kwa baiskeli, kwa miguu, na mikeka, na masufuria, na wazee wamebebwa kwenye viti. Walinzi waliwafungulia geti wakiwaambia karibuni kwenye furaha. Waliingia kimya. Wakatandika mikeka kwenye ile nyasi iliyoletwa kwa ndege, wanawake upande wa bustani ya waridi, wanaume barazani, mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Kwa kuwa mafiga hayakutosha, vijana wa Kombo walishuka Wizarani wakarudi wamebeba lile jiwe jeusi. Lilikaa vizuri sana chini ya sufuria. Yale maandishi ya HAPA TAIFA LILIJARIBIWA yakafunikwa na masizi asubuhi ileile.

Waziri akatoka amevaa kanzu nyeupe na koti, kamera zote zinamwelekea, akafungua mikono.

"Ndugu wananchi, na marafiki zetu wawekezaji mnaotutazama kutoka ng'ambo," alisema, "leo ni siku ya furaha."

Mwajabu akasimama katikati ya bustani. Akajifunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akalia.

Nimesikia vilio maishani. Kile kilikuwa kimefungiwa tangu Februari. Baada yake akalia shangazi wa Kivukoni, akalia mama wa watu nisiowajua, kikaenda mpaka barazani, mpaka nje ya geti, mpaka mpishi naye jikoni, ambaye kumbe dada yake alikuwa kwenye kabati. Wanawake walijitupa kwenye nyasi. Waridi zililala.

"Wanalia kwa furaha," Waziri aliiambia kamera. Jasho lilimtoka. Alitazama kulia na kushoto kama anatafuta mpepeaji. Pepeo langu nilikuwa nalo, nikajipepea mwenyewe, taratibu.

Huko ng'ambo hawajui Kiswahili, lakini matanga hayana lugha. Waliona nyumba ya mwenyekiti, mikeka, watu wamejishika vichwa. Wakaulizana nani amefariki. Wakajijibu: Kampuni. Wakauza hisa zao zote, wa kwanza kwa hasara, wa mwisho kwa bure. Waliouza waliwatisha waliokuwa hawajauza. Kabla pilau halijapakuliwa benki ilikuwa imepiga simu, inataka dhamana zaidi. Hatukuwa na zaidi. Wakachukua mashine. Wakachukua bwawa. Saa tisa alasiri wakachukua jina la nchi.

Ndiyo maana sijalitaja. Hatuna. Wimbo wa taifa tukifika pale lilipokuwa tunaguna, kisha tunaendelea. Jina lenyewe nasikia limeuzwa kwa kiwanda kimoja cha huko, sasa liko kwenye sabuni ya kuogeshea mbwa, na wanasema mbwa wanang'aa.

*

Waziri alinijia barazani, miwani hana, aliyekuwa akimshikia alikuwa amekimbia nayo.

"Mzee Feruzi, waambie watu wako wanyamaze."

"Hawa si watu wangu, Mheshimiwa. Ni wageni wako. Uliwaalika redioni, hukukanusha."

"Unataka nini? Sema. Nyumba? Cheo? Nitakufanya mkurugenzi."

"Wa nini?"

Hakuwa amefikiria.

"Historia ya ugonjwa haijasomwa," nilimwambia. "Isomwe, swali la marehemu lijibiwe, tuanue matanga, kila mtu aende kwake. Ni jambo la muda mfupi tu."

Akaona unafuu. Akaamuru watu wasikilize. Nikasimama na ndevu zangu nikaeleza: mapafu, mvua, nafuu, uji wa Jumanne, Jumatano saa nne na robo. "Na maneno yake ya mwisho," nilisema, "yalikuwa, nani kazima? Mwenye jibu asimame."

Watu wote wakamgeukia Waziri. Waziri akamgeukia Mkurugenzi wa Upungufu wa Umeme, aliyekuwa amejificha nyuma ya tangi la maji.

"Mimi nilipigiwa simu," alisema Mkurugenzi. "Sauti ilisema hamisha laini. Nikajua ni ya Mkurugenzi wa Kuanguka kwa Bei."

"Mimi nilikuwa likizo," alisema wa Kuanguka kwa Bei. "Hata huyu anajua, ndiye aliyeniidhinishia. Ile ilikuwa amri ya juu."

Wakamtazama Waziri. Mwajabu alikuwa ameshamfikia, wamesimama uso kwa uso, yeye machozi, Waziri jasho.

"Mimi sikuzima," alisema Waziri. "Mama, nielewe. Hakuna mtu aliyezima. Ni soko. Soko ndilo lililozima."

"Basi liitwe," alisema Mwajabu.

"Soko haliitwi, mama. Halina mwili."

"Linasikiliza redio. Ninyi wenyewe mlisema. Bi Stumai yupo pale kwenye mkeka, atalitangazia."

Bi Stumai alifuta macho kwa kile kilemba cha waridi akasema yuko tayari.

*

Anatangaza kila mchana mpaka leo. "Soko, popote lilipo, linaombwa kufika nyumbani kwa Mheshimiwa Daktari Rukoba, kilimani, bila kukosa. Habari zilifikie." Halijaja. Tunaendelea kulisubiri, kwa kuwa sisi ni watu wenye matumaini, tumefundishwa na Wizara yake.

Mila ni mila, wageni hawaondoki na mwenye nyumba hatoki ua. Alijaribu mara moja kupitia mlango wa jikoni, shangazi wa Kivukoni wakamrudisha kwa heshima, wakimwita baba. Ng'ombe wake tumewala, tumeingia kwenye mbuzi. Kuku wa kizungu wameisha, nyama yao laini, haina ladha. Ndani ya magari ya wakurugenzi wanalala wazee wanaoumwa mgongo. Umeme wa nyumba ile ulikatwa na wenye bwawa wapya, hivyo viyoyozi vimenyamaza, na mchana jua likisimama Mheshimiwa huketi mkekani katikati yetu, kanzu imemgandia, anahema mdomo wazi. Wapepeaji wenzangu wote wapo, Kampuni ilipokufa hawakuwa na pa kwenda, wamekaa wamemzunguka na mapepeo yao ya ukindu mapajani. Hakuna aliyenyanyua lake. Mimi sina kinyongo. Namwombea maisha marefu, hapohapo alipo.

Na kila siku, vyombo vikishaoshwa, Mwajabu husimama, hukaza kanga kiunoni, akamtazama yeye, akawatazama wakurugenzi wake, akatazama na njia ile inayopanda kilimani isije ikawa soko linafika. Kisha huuliza kwa upole, kwa sauti inayofanana kabisa na ya dada yake:

Nani kazima?